Siku moja kwenye boti nyembamba Uingereza: Wey, Thames, au mfereji usio na loki?

Wanaopanga siku ya boti huku Uingereza huanza kwa kuuliza wapi pana mandhari nzuri. Swali hilo halisaidii sana, maana mwezi wa Juni kusini mwa nchi hii ni vigumu kupata ukingo wa mto usiopendeza. La kuuliza kwanza ni hili: kati ya hao mnaokwenda nao, ni wangapi wanaoweza kushuka ukingoni na kamba mkononi, kuegemeza mgongo kwenye mlango wa loki, yaani chumba cha kupandishia na kushushia boti majini, wenye uzito unaozidi tani moja, na kusukuma hadi uende? Ukishapata idadi hiyo, mto utajichagua wenyewe.

Nalinganisha sehemu tatu. Ya kwanza ni mto Wey kati ya Farncombe na Guildford, ambako loki mnazifungua kwa mikono yenu. Ya pili ni mto Thames kati ya Oxford na Abingdon, ambako kuna watunza loki. Ya tatu ni kipande cha mfereji wa Kennet and Avon, kutoka Bradford-on-Avon kuelekea Bath, ambacho hakina loki hata moja. Hicho cha tatu si mto, lakini nimekiweka makusudi, kwa kuwa zipo familia ambazo siku yao itaharibika zikipewa loki, na ni afadhali zijue mapema.

Boti na loki zenyewe

Boti nyembamba ina upana wa kama mita 2.1 tu, na ndefu kabisa hufika mita 22. Zinazokodishwa kwa siku moja huwa fupi zaidi. Injini ni ya dizeli, na kwenye boti chache ni ya umeme. Dereva husimama nyuma, kwenye tezi, akiwa ameshika kana, mpini wa usukani, kama nahodha wa jahazi. Ukiisukuma kana kushoto, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia. Anayezoea gari huchanganyikiwa kwa muda, kisha mwili unajifunza. Breki hakuna: kusimama ni kurudisha injini nyuma na kungoja. Huhitaji leseni yoyote kuendesha boti ya kukodi kwenye maji haya. Mwenye boti hukufundisha asubuhi kabla ya kukuachia, na ushauri wangu ni kwamba wasikilize watu wawili, si mmoja, kwa sababu yule mmoja ndiye atakayekuwa chooni shida inapotokea. Idadi ya abiria haizidi 12, na boti nyingi za siku huruhusu chini ya hapo.

Loki ni chumba cha mawe au matofali kilichojengwa pale maji yanapobadilika kimo, chenye milango mizito juu na chini. Mkiwa mnashuka na mto, chumba kinajazwa kwanza hadi kilingane na maji ya juu, boti inaingia, milango ya nyuma inafungwa. Kisha mtu anapandisha vizibo vya milango ya chini kwa mkono wa chuma wa kuzungusha, maji yanatoka, na boti inashuka nayo. Maji yakishalingana pande zote mbili, mlango unafunguka kwa kuegemewa tu. Kabla ya hapo hata wanaume kumi hawaufungui, na hakuna haja ya kujaribu. Sisi tuliokulia pwani tumezoea maji yanayojaa na kupwa kwa saa zake mwenyewe. Hapa yanapanda mbele ya macho yako kwa sababu binti yako amezungusha chuma. Watoto wa miaka kumi na kuendelea huipenda kazi hii kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo.

Hatari mbili zinastahili kusemwa waziwazi. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha saruji au jiwe kilichojificha majini. Mkishuka huku tezi imekaa nyuma mno, inakalia kizingiti, omo inaendelea kushuka, na boti inaweza kuzama ndani ya dakika. Mstari mweupe kwenye ukuta wa loki unaonyesha kizingiti kinapoishia. Hakikisheni tezi iko mbele yake muda wote. Ya pili ni kamba: wakati wa kushuka usiifunge fundo, izungushe kwenye nguzo na uiachie kidogo kidogo, la sivyo boti itabaki ikining'inia.

Kuhusu muda, mabaharia wa huku wana hesabu yao rahisi: mwendo ni kama maili tatu kwa saa, na kila loki ihesabiwe kuwa maili moja. Hesabu hii ndiyo itakayokuokoa usirudishe boti usiku.

Wey: kazi ni yenu

Mto huu ulianza kuchimbwa na kunyooshwa chini ya Sir Richard Weston, na njia ya boti kutoka Thames hadi Guildford ilifunguliwa mwaka 1653. Ni miongoni mwa mito ya mwanzo kabisa Uingereza kufanyiwa hivyo. Kipande cha kutoka Guildford hadi Godalming kilifuata mwaka 1764. Njia yote ina urefu wa karibu maili 20, na leo iko mikononi mwa National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, ambao walipokea sehemu ya Wey mwaka 1964 na ya Godalming mwaka 1968. Godalming yenyewe ndiyo ncha ya kusini kabisa ya mtandao mzima wa mito na mifereji iliyounganishwa nchini: ukifika hapo, hakuna pa kwenda ila kugeuza.

Kwa siku moja, pa kuanzia ni Farncombe, karibu na loki ya Catteshall, ambako boti nyembamba hukodishwa. Treni kutoka stesheni ya Waterloo, London, inachukua takriban saa moja. Mnashuka na mto kuelekea Guildford: kwanza loki ya Unstead, halafu malisho yenye ng'ombe, halafu daraja la Broadford ambalo liko chini kiasi kwamba dereva lazima ainame. Hapa simaanishi kuinama kidogo kwa heshima. Mnasimama nyuma, na daraja halina huruma. Karibu na Shalford utaona mdomo wa mfereji wa Wey and Arun, uliofunguliwa mwaka 1816 ili boti ziweze kutoka London hadi pwani ya kusini bila kupita bahari iliyokuwa na vita na Wafaransa. Ulipokamilika, vita vilikuwa vimekwisha, na mwaka 1871 ukafungwa. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiufufua kipande kwa kipande.

Baada ya hapo ni loki ya St Catherine's, chini ya kilima chenye magofu ya kanisa dogo la kale, kisha mto unapinda hadi loki ya Millmead, katikati ya Guildford. Kutoka Catteshall hadi hapo ni kama maili nne na loki tatu. Kwa hesabu yetu, saa mbili na robo hivi kwenda, na zaidi kidogo kurudi kwa sababu mnapanda mto. Mkianza saa tatu asubuhi mna muda wa kula bila haraka na kurudi jioni. Wasiotaka loki ya tatu wafunge boti kabla ya Millmead na kuingia mjini kwa miguu; ila waulize mapema wapi pana nafasi ya kugeuza, kwa kuwa boti haigeuki popote itakapo. Mkipita Millmead na mkiwa na muda, Dapdune Wharf iko mbele kidogo. Ni karakana ya zamani ambako tishari za Wey ziliundwa, na mojawapo, Reliance, imehifadhiwa hapo. Tishari za namna hiyo zilibeba nafaka, mbao, na baruti kutoka viwanda vya Chilworth.

Kwenye Wey sheria inataka kamba mbili kwenye kila loki, moja omo na moja tezi. Maana yake unahitaji dereva mmoja, washika kamba wawili, na angalau mmoja wa kuzungusha vizibo. Mkono wa vizibo usiwe wa mtu mwenye pupa: mnapopanda, maji yakiachiwa yote kwa mpigo yanaisukuma boti huku na huko. Pandisha kidogo, ngoja, pandisha tena. Kwa hiyo kikundi cha watu wazima wawili, bibi na watoto watatu wadogo hakifai Wey, hata kama picha zake zimewavutia namna gani. Watu wazima wanne wenye viungo vizima na vijana wawili, hapo ndipo mahali pao. Mimi kwa kikundi kama hicho sijaona pa kupendekeza zaidi.

Thames: maji mapana, na mtu wa kukufungulia

Kati ya Lechlade na Teddington Thames ina loki 44, zinazosimamiwa na Environment Agency, shirika la serikali la mazingira. Tofauti kubwa na Wey ni mtunza loki. Msimu wa kiangazi yuko kazini mchana, na kuanzia Godstow kushuka chini loki zinaendeshwa kwa mashine, si kwa mgongo wa mtu. Yeye hubonyeza, ninyi mnashika kamba. Asipokuwepo, kuna kibao na vitufe vya kujihudumia. Ukipanda juu ya Godstow, kuanzia King's Lock, loki ni za mkono. Kwa hiyo mtu anayesema Thames ni rahisi yote, muulize ni sehemu ipi.

Oxford hadi Abingdon ni kama maili nane, na loki tatu: Iffley, Sandford na Abingdon yenyewe. Iffley na Sandford ni mahali pa historia kwa wapenda mambo haya, kwa kuwa loki za kwanza za chumba kwenye Thames zilijengwa eneo hilo miaka ya 1630. Sandford ni ya kina kirefu. Ukiwa chini yake umeinua uso, kuta zinakupita kwa mbali, na watoto hunyamaza wenyewe. Ndani ya loki za Thames injini inazimwa na kamba mbili zinashikwa. Mtunza loki atawakumbusha, mara nyingine kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Karibu na Christ Church Meadow mtakutana na wapiga makasia wa chuo. Wanapiga kasia wakiwa wameipa njia yao mgongo, wanategemea mtu mmoja kuwaongoza, na wanakwenda kasi kuliko ninyi. Kaa kulia, usibadilishe mwelekeo ghafla, na waache wapite. Baada ya Iffley mto unatulia, na sehemu ya Nuneham, yenye miti iliyoshuka hadi majini, ni ya kukaa kimya na kikombe cha chai.

Basi kwa nini nisiwapeleke wote Thames? Sababu ya kwanza ni kwamba boti nyembamba za siku moja hazipatikani kwa wingi humo. Mara nyingi utapewa boti ndogo ya burudani ya plastiki, ambayo ni kitu kingine kabisa. Kampuni nyingi za mfereji wa Oxford zilizo jirani haziruhusu uingie Thames na boti ya siku. Kwa hiyo kabla hujawaahidi watoto, hakikisha boti uliyolipia ni ipi na inaruhusiwa wapi. Sababu ya pili ni mkondo. Mvua ikinyesha siku chache mfululizo, loki huwekewa mabango: ya njano yanasema mkondo unaongezeka au unapungua, mekundu yanasema mkondo ni mkali na boti zisitembee. Boti nyembamba ni nzito na injini yake si ya kupigana na mto. Bango jekundu likiwekwa, siku yenu imekwisha kabla ya kuanza. Sababu ya tatu ni urefu. Maili nane na loki tatu kwenda, na hivyo hivyo kurudi, ni siku nzima ya kukimbizana na saa. Kwa boti ya siku, ishieni Sandford mgeuze.

Bradford-on-Avon: bila loki, bila mkondo

Mfereji wa Kennet and Avon unatoka Reading hadi Bristol, maili 87, na mhandisi wake alikuwa John Rennie. Ulikamilika mwaka 1810, reli ikauua polepole, ukaachwa, ukafufuliwa na watu wa kujitolea, na Malkia Elizabeth II akaufungua upya mwaka 1990. Loki zake zinazidi mia moja. 29 kati ya hizo ziko Devizes peke yake, zikipanda mita 72 ndani ya maili mbili. Lakini kati ya Bradford-on-Avon na sehemu ya juu ya Bath kuna karibu maili tisa za maji tambarare kabisa.

Kizuri hapa ni kwamba mfereji unapita juu ya mto. Mara mbili. Pale Avoncliff, kisha pale Dundas, ambako daraja la mawe la mwaka 1805 linabeba maji yenu na boti yenu juu ya mto Avon na juu ya reli. Mnaweza kumpungia mkono dereva wa treni chini. Claverton kuna mtambo wa kusukuma maji wa mwaka 1813, unaoendeshwa na gurudumu la maji la mto uleule, ukiyapandisha kwenye mfereji bila tone la mafuta. Nenda hadi Dundas au Bathampton, kula, geuza, rudi. Ukijaribu kufika Bath na kurudi utakuwa mtumwa wa saa.

Ubaya wake ni mwendo. Kando ya mfereji kumefungwa boti nyingi ambazo watu wanaishi ndani yake, na kila unapozipita unapunguza kasi hadi karibu kusimama, la sivyo kamba zao zinakatika na wewe utasikia matusi ya Kiingereza safi. Na upepo: boti yenye tumbo bapa husukumwa pembeni kirahisi pasipo na mkondo wa kuishikilia. Safari yenyewe kutoka London ni ndefu, saa moja na nusu kwa treni hadi Bath, kisha kubadilisha.

Mambo ambayo matangazo hayasemi

Boti hukodishwa kwa boti, si kwa kichwa. Watu wanane wakigawana, gharama inashuka sana; wawili watalipa sawa na wanane. Jumamosi na sikukuu ni ghali kuliko katikati ya wiki, na msimu ni kuanzia Pasaka hadi Oktoba hivi. Uliza kama mafuta yamo kwenye bei na amana ni kiasi gani.

Chakula si shida popote. Boti nyingi zina jiko la gesi, sinki na choo, na pilau iliyopikwa nyumbani usiku ikafungwa vizuri inafika saa saba mchana ikiwa na joto. Migahawa ya kando ya mito karibu yote ni baa, kwa hiyo anayetafuta halali aje na chakula chake. Kwa Sala ya Adhuhuri funga boti ukingoni kwa vigingi. Mto unapinda kila baada ya dakika mbili na kibla nacho kinahama.

Mavazi yana uzito zaidi kwenye Wey. Baibui refu, kanga iliyofungwa kiunoni, kitenge kinachoburura: vyote vinanasa kwenye gia za vizibo na kwenye boriti za milango. Anayefanya kazi ya loki avae suruali au akunje nguo ipande, na viatu vyenye nyayo zinazoshika. Ndara hapana. Aliyekaa ndani anywe chai yake avae atakavyo.

Wazee ndio wanaoamua jambo hili mara nyingi. Kuingia kwenye boti ni hatua ya kushuka, na siku ya loki inaweza kuwa na kugongwagongwa kidogo ukutani. Bradford ndiko pa upole zaidi. Thames ya pili, kwa sababu ya mtunza loki. Kwa Wey mzee akae ndani dirishani, na ajue kwamba kila mtu mwingine atakuwa nje akipiga kelele.

Watoto wasiojua kuogelea wavae majaketi okozi kwenye maji yote matatu. Maji ya huku ni baridi hata Julai, na mtu aliyezoea kupiga mbizi Nungwi asijidanganye.

Mkipima, basi, iko hivi. Mna watu wazima wanne au zaidi wenye nguvu na mnataka siku ambayo kila mtu ana kazi: Wey, Farncombe hadi Guildford. Mna mikono mitatu tu lakini mnataka kuonja loki na mji wenye jina: Thames, mradi mmehakikishiwa boti na hali ya mkondo, na msijipange kufika Abingdon. Mna bibi, watoto wachanga, au dereva ambaye hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli: Bradford, na msijione kuwa mmeikosa safari ya kweli. Daraja la Dundas peke yake linatosha nauli.

Kabla ya kulipa, piga simu na uulize mambo manne: boti hii inaruhusiwa kupita loki au la, kwa kuwa kampuni nyingi huzuia za siku moja, tutageuza wapi, mabango mekundu yakiwekwa asubuhi mnarudisha fedha au mnabadilisha tarehe, na mafunzo ya asubuhi yanachukua muda gani, ili muwe gatini mapema na pilau ikiwa bado kwenye kikapu.